Kitalu cha Tisa

Jioni ile mkewe alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akanawa uso, akakaa mezani na kuanza kula bila kuuliza yadi imelalaje. Karani aliacha kijiko hewani kidogo, akingoja. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa yao swali lile halikuwahi kukosa mezani. Mke angeuliza, naye angesukuma sahani kando, achukue viberiti vitupu alivyovirundika kwenye bakuli la dirishani na kuvipanga juu ya kitambaa cha meza: kontena la samani limekaa juu, la matairi liko chini yake, na mwenye matairi kaja kwanza. Haya, kreni ifanyeje? Mke angefikiri, ahamishe kiberiti kimoja, kisha kingine. Siku akipatia kwa hatua chache kuliko kreni yenyewe, karani alicheka mpaka akakohoa.

"Leo kulikuwa na meli mbili," alisema karani, kama mtu anayejisemea.

"Najua," mkewe alijibu. "Tuliziona kwenye skrini."

Akaendelea kula. Karani akatazama bakuli la viberiti pale dirishani. Hakuna aliyeligusa siku ile, wala ya pili yake.

Mke alikuwa karani wa ankara katika ghorofa ya juu ya kampuni ileile ya bandari ambayo mumewe alikuwa mkuu wa makarani wa yadi. Kwa miaka mingi kazi zao zilikutana kwenye karatasi. Mfumo wa yadi ulijua kila kontena limesimama wapi. Mfumo wa biashara ulijua kontena ni la nani, nyaraka zake zimefika wapi na mwenyewe anadaiwa nini. Mifumo hiyo miwili haikujuana hata kwa salamu. Kila saa mbili karani alichapa orodha, tarishi akaipandisha ngazi, na mke akaiandika upya upande wa pili, mstari kwa mstari. Sasa kampuni ilikuwa imeamua kuiunganisha, iulizane na kujibizana yenyewe kila saa. Watu wanne waliteuliwa kuifanya kazi hiyo, na mke wa karani alikuwa mmoja wao.

Uteuzi ule ulikuwa wa majaribio. Muunganisho ukikaa sawa hadi mwisho wa mwezi, angekuwa msimamizi wa mfumo, kazi ya kudumu. Ukiharibika, hakuwa na pa kurudi, kwa sababu meza yake ya zamani ndiyo iliyokuwa inaondolewa. Alilijua hilo, na mumewe alilijua. Hawakulizungumza.

*

Dada yake karani alikuja kwao kukaa wiki mbili atibiwe goti, na sasa alikuwa ametimiza miaka mitatu. Alikuwa mshonaji. Cherehani yake aliiweka dirishani, na hakuna gari lililosimama mtaani asilijue rangi.

"Leo amefunguliwa mlango," alimwambia mdogo wake, bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Kijana mwenyewe kazunguka mbele ya gari, kamfungulia mke wako mlango. Wewe ulishawahi kumfungulia mlango wa gari?"

"Sina gari, dada."

"Basi hata wa choo."

Kijana huyo alikuwa Mtaalamu. Ndivyo alivyoitwa na kila mtu bandarini, kuanzia meneja hadi wafagiaji, kwa sababu ndivyo alivyotambulishwa siku ya kwanza. Alikuja kutoka nje ya kampuni kuongoza kazi ya muunganisho. Alikuwa na mashati yaliyopigwa pasi hata kwenye kwapa, na tabia ya kusema samahani kabla ya kuuliza jambo lolote. Nyumba aliyopangiwa ilikuwa mbele kidogo ya mtaa wao, kwa hiyo gari la kampuni lilimshusha mke wa karani kwanza.

Wifi alisema yeye hayumo, yeye anashona tu. Ila aliona ajabu mtu kurudi saa moja jioni na bado ana cha kuchekea. Zamani, alisema, mke ndiye aliyemsubiri mume kwenye dirisha hili. Siku hizi mume amekaa hapa anahesabu taa za magari. Binti yao wa miaka tisa, ambaye walimwita Chiriku kwa jinsi asivyonyamaza, akauliza Mtaalamu ni mtaalamu wa nini. Shangazi yake akamjibu kwamba hilo na yeye angependa kulijua.

Karani alijikaza, lakini donge lilikuwa limeshaingia. Na ukweli wake ni huu, ambao hata yeye hakuutaka: hakuwa na hofu kwamba mkewe angemkimbia na yule kijana. Alitamani iwe hivyo. Wivu wa namna hiyo watu wanaujua, una maneno yake na una watu wa kukupa pole. Kilichomuuma ni macho. Mkewe alikuwa na namna ya kumtazama pale mezani, viberiti vikiwa kati yao, kama mtu anayesoma barua aliyoingoja siku nyingi. Macho yale sasa yalikuwa yanakwenda kusoma mahali pengine. Karani alikuwa anamwonea wivu mke wake mwenyewe, na kwa aibu ya jambo hilo aliupachika wivu wake jina la kijana wa watu.

*

Wiki ya majaribio walikuja yadi. Karani aliwaona kutoka mbali wakivuka mistari ya njano, Mtaalamu mbele, mkewe nyuma na helmeti iliyomzidi kichwa. Ilipomshukia usoni mara ya tatu, Mtaalamu alisimama, akasema samahani, akamkazia mkanda chini ya kidevu. Redio ya karani ikakoroma kifuani.

"Karani," ilisema sauti ya dereva wa kreni kutoka juu angani. "Helmeti ya shemeji sasa imekaa sawa?"

Kreni ya pili ikacheka. Kisha ya tatu.

Walipofika, mkewe alifungua faili na kusema, "Karani, tunaomba utuhakikishie orodha ya vitalu." Hakusema Baba Chiriku. Asingeweza kusema Baba Chiriku pale, mbele ya watu, kazini. Karani mwenyewe angemshangaa. Hata hivyo neno lile lilimchoma.

"Ndiyo, bosi," alijibu.

Mkewe alimtazama mara moja, kisha akarudi kwenye karatasi. Walivitaja vitalu kimoja kimoja, cha kwanza hadi cha nane: urefu wake, safu zake, kina makontena mangapi yakijaa. Karani alijibu bila kufungua daftari. Mfumo mpya, mkewe alieleza, ungeijua yadi kwa orodha hii tu. Kontena likiwa katika kitalu kilichoandikwa hapa, lipo. Lisipokuwamo, limeondoka.

"Samahani, mzee," alisema Mtaalamu. "Kwenye kumbukumbu za nyuma nimeona namba tisa mara kadhaa. Kuna kitalu cha tisa?"

Mzee. Karani alikuwa na miaka arobaini na minne.

Kitalu cha tisa kilikuwepo. Kilikuwa nyuma ya karakana, ukanda mwembamba kando ya ukuta, usio na mstari wala namba iliyopakwa chini. Kanuni zilikataza kuweka kontena pale. Lakini kila meli kubwa ilileta yenye utata: lakiri ya mlango imekatika, uzito haulingani na karatasi, mwenyewe hajulikani. Ukiyaacha katikati ya vitalu, yanaziba njia ya mengine yote. Kwa hiyo miaka mingi nyuma makarani walianza kuyasogeza nyuma ya karakana na kuyaandikia tisa, daftarini na kwenye mfumo wa yadi, yapate kuwa na mahali. Zamu moja iliikabidhi nyingine kwa daftari lenye jalada jekundu. Ghorofa ya juu haikuambiwa. Kabla ya kumkabidhi tarishi karatasi, makarani waliigeuza tisa kuwa nane kwa kalamu, na mambo yakaenda. Hata mezani kwake, pamoja na viberiti vyote vile, karani hakuwahi kumtajia mkewe kitalu hicho. Ilikuwa siri ya yadi, na yeye alikuwa wa ghorofani.

Wiki ile meli zilikuwa chache na nyuma ya karakana hapakuwa na kitu ila paka na mapipa ya oili.

Mkewe aliinua uso akamtazama. Yalikuwa macho yaleyale ya mezani, yamerudi, yanangoja. Angekuwa peke yake, huenda karani angemshika mkono akampeleka nyuma ya karakana. Lakini Mtaalamu alikuwa amesimama begani kwake, kalamu mkononi, naye anangoja vilevile. Karani akaona jibu lake likiingia kwenye faili lile, likipanda ngazi, likionekana kwenye skrini kama kitu walichokigundua wao.

"Makosa ya vidole," alisema. "Nane na tisa zimekaa jirani kwenye kibodi."

"Una hakika?" mkewe aliuliza.

"Nina miaka kumi na tisa hapa."

Mkewe akaandika: vitalu vinane, imethibitishwa. Akasaini chini, jina lake peke yake. Walipokuwa wanaondoka karani alijiambia kwamba amewalinda wenzake, kwamba siri ile haikuwa yake kuitoa. Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli, akaishikilia nusu hiyo kwa mikono miwili.

*

Mifumo iliunganishwa Jumatatu. Siku mbili za kwanza ilizungumza kama majirani wema, na mke wa karani alirudi nyumbani akiimba kwa pua. Jumatano zikaingia meli mbili kubwa. Zamu ya usiku ikafanya ilivyozoea, na kufikia asubuhi makontena ishirini na matatu yalikuwa yamesimama nyuma ya karakana.

Saa ilipotimia mfumo wa biashara uliuliza yako wapi. Mfumo wa yadi ukajibu: tisa. Ule wa kwanza ukatafuta tisa kwenye orodha iliyosainiwa, haukuiona, ukafanya kama ulivyofundishwa. Ulifunga hesabu za wenye mizigo ishirini na watatu na kumtumia kila mmoja ujumbe: Mzigo wako umeondoka bandarini. Asante kwa kutumia huduma zetu.

Saa nne asubuhi wenye mizigo walikuwa getini. Mbele yao alikuwa mwanamke mwenye kontena la madawati ya shule, ameinua simu juu kama anayeonyesha jeraha. Aliuliza, bila kupaza sauti, ni nani aliyemshukuru kwa mzigo ambao hajauona. Wakala wake aliapa hajachukua kitu. Mlinzi alitazama skrini: umetoka. Kabla ya saa tano neno wizi lilikuwa limefika kila pembe ya bandari. Makontena ishirini na matatu hayatoki yenyewe, watu walisema. Kuna mtu wa ndani amefungua mlango. Wakauliza orodha ilisainiwa na nani.

Karani aliona kwa macho yake. Walinzi wawili walimteremsha mkewe kwenye ngazi ya chuma, mmoja mbele, mmoja nyuma, mkoba wake mkononi mwa yule wa nyuma. Madereva wa malori walizima injini wapate kutazama vizuri. Mkewe alishuka akishika reli, taratibu, kama mwenye kuogopa kukosa ngazi. Hakutazama upande wa yadi.

Karani alilichukua daftari jekundu. Njiani kuelekea chumba cha walinzi alikuwa ameshatengeneza neno la kusema. Nilisahau. Lilikuwa neno safi. Lingemtoa mkewe, lisingemzamisha yeye sana. Mtu wa miaka kumi na tisa kazini anaruhusiwa kusahau mara moja.

Chumba kilikuwa kidogo. Meneja alikuwamo, na Mtaalamu, na mkewe amekaa kwenye kiti cha plastiki bila kiatu kimoja, kwa kuwa walikuwa wanakagua hadi soli. Mkuu wa walinzi alikuwa amemwaga mkoba mezani. Kitana, kitambaa cha mkono, kalamu mbili, daftari la Chiriku lililokuwa likingoja sahihi ya mzazi. Na viberiti, vitupu, vya zamani, vingine vimebandikwa karatasi kwenye pembe zilizochanika.

"Unavuta sigara?" mkuu wa walinzi aliuliza.

"Sivuti."

"Viberiti vyote hivi vya nini, kwenye bandari yenye mafuta?"

Mtaalamu ndiye aliyesema samahani.

"Ndivyo alivyotufundishia yadi," alisema. "Sisi hatukuwa tunaijua. Tulikuwa na ramani tu. Yeye anavipanga mezani, anatuambia mume wangu huwa anafanya hivi, mume wangu angetoa hili kwanza. Sehemu kubwa ya kazi yetu tumeiandika kwa kufuata viberiti hivyo."

Karani alivitambua. Kimoja kilikuwa na doa la chai la mwaka Chiriku alipozaliwa.

Meneja aligeuka na kumwona mlangoni na daftari lake. Karani alilifungua mezani, akaonyesha ukurasa wa usiku ule, akasema makontena yote ishirini na matatu yako nyuma ya karakana, lakiri kama zilivyofika, na kwamba mahali pale makarani wanapaita kitalu cha tisa. Mlinzi mmoja alitoka mbio kwenda kuhakikisha. Meneja alisoma ukurasa, akasoma na wa nyuma yake.

"Ulisahau kuwaambia?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa karibu ya upole.

Neno lilikuwa limesimama tayari kinywani. Karani alitazama viberiti.

"Sikusahau," alisema. "Huyu kijana aliniuliza. Nikasema hakipo."

"Kwa nini?"

"Roho iliniuma."

Mkuu wa walinzi alianza kucheka, akaona hakuna mwenzake, akanyamaza. Mtaalamu alitazama sakafu. Mkewe aliinama, akavaa kiatu chake, akaanza kurudisha vitu mkobani, kimoja kimoja, viberiti mwisho.

*

Kuongeza kitalu cha tisa kwenye orodha kulichukua dakika moja. Kuwaomba radhi wenye mizigo kulichukua siku tatu, na mke wa karani ndiye aliyekaa kwenye simu. Karani alipewa barua. Wiki mbili nyumbani bila mshahara, kisha asirudi yadi. Angesimama getini na kibendera, akielekeza malori. Makarani wenzake hawakumlaumu kwa siri kufichuka. Meneja aliamuru ukanda ule upakwe mistari na namba, na walichokifanya kwa kujificha kikawa kanuni.

Nyumbani mkewe hakununa. Alimsalimu, akamuuliza kama amekula, akamweleza Chiriku hesabu za kugawanya. Ila alimzungukia mumewe kama mtu anavyozunguka samani iliyowekwa njiani. Wifi, ambaye hakuwahi kukosa neno, alishona siku nne kimya. Siku ya tano alisema kwamba yeye yale yote alikuwa anatania tu.

"Najua, wifi," alisema mke wa karani. "Ulikuwa unashona tu."

Jioni hiyo, Chiriku akiwa kwa jirani, karani alijaribu kuomba msamaha. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho akiwa amesimama, chupa ya maji mkononi.

"Ungekuwa umeona wivu kwa sababu ya Mtaalamu, ningekucheka ikaisha," alisema. "Lakini ulinitazama mimi. Nilikuuliza una hakika, ukanitazama machoni, Baba Chiriku, ukaniambia una miaka kumi na tisa."

"Ulikuwa unaniuliza kila siku," alisema karani. "Ukaacha."

Mkewe alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa karibu naye tangu siku ile.

"Niliacha kwa sababu nilikuwa naogopa. Kila ninachokijua kuhusu bandari nimekipata kwako, hapa. Nilitaka mara moja tu nije mezani na cha kwangu. Nilikuwa nangoja kikamilike, nikuambie." Akafunga kifuniko cha chupa. "Hukuningoja."

Hakulia. Aliinuka akaenda kumwita Chiriku.

Siku ya mwisho ya mwezi alirudi kwa gari la kampuni kama kawaida, akaacha bahasha mezani, akaenda kunawa. Karani aliisoma akiwa amesimama. Msimamizi wa mfumo, kuanzia Jumatatu. Jumatatu hiyohiyo yeye angeanza getini. Alingoja kile kijiba kimshike roho, akijua njia zake, na kweli kikaja. Kilimkalia kifuani kwa muda aliohitaji kuikunja barua vizuri na kuirudisha bahashani. Kisha akaenda dirishani, akamwomba dada yake asogee kidogo, akachukua bakuli la viberiti. Lilikuwa limepungua zaidi ya nusu, naye hakuwahi kuona.

Walikula. Chiriku alisimulia mwalimu aliyekalia chaki, na shangazi yake akacheka peke yake. Karani alisukuma sahani yake kando na kuliweka bakuli mbele ya mkewe.

"Leo mfumo umelalaje?" aliuliza.

Mkewe alilitazama bakuli. Alikula vijiko viwili zaidi, bila haraka, akafuta mdomo. Kisha akainuka, akauleta mkoba wake, akatoa vile vingine, akavichanganya na vya kwenye bakuli. Alipanga viwili viwili juu ya kitambaa, safu nane. Cha mwisho alikiweka peke yake ukingoni kabisa mwa meza, nyuma ya jagi la maji, akakigonga kwa kidole.

"Sasa sikiliza," alisema. "Na usiniambie unajua."